Samaki Mmoja wa Jumapili

Soko la Homa Bay lilikuwa limefurika asubuhi hiyo, wachuuzi wakiita wateja kwa Kijaluo na Kiswahili, na Bhoke alikuwa akichagua nyanya alipoisikia sauti ya mumewe nyuma yake.

"Huyu mkubwa sana, mama. Nipe mdogo, niko peke yangu."

Hakugeuka mara moja. Siku mbili tu nyuma, sauti hiyo hiyo ilimpigia simu kwenye duka la dawa, jirani na kibanda chake cha ushonaji kule Migori. "Jumapili hii usijisumbue kuja, mpenzi. Tuna kazi kutwa." Bhoke akamwonea huruma. Akaacha misa, akavaa gauni la kitenge cha manjano alilolishona mwenyewe, akaondoka alfajiri kuja Homa Bay, ampelekee chakula kwenye kiwanda anakofanya kazi, bila kumwambia. Na huyu hapa Omwenga, fundi wa majokofu ya samaki, amevaa kandambili, kikapu mkononi, hana haraka na mtu.

"Kazi inaendaje, bwana fundi?"

Omwenga alishtuka, samaki akamponyoka.

"Bhoke! Umefika saa ngapi?"

"Saa ya kuchagua samaki. Twende kwako, unionyeshe hiyo kazi. Ina jina? Inasuka nywele?"

"Bhoke, si hivyo."

"Twende."

Bhoke alitangulia. Miaka miwili ya ndoa, na Jumapili ndiyo siku pekee waliyokuwa nayo, kwa kuwa Omwenga ni Msabato na Jumamosi yake ilikuwa ya kanisa. Njia nzima Bhoke alijiandaa kumkuta mwanamke mwingine. Alipanga hata maneno atakayomwambia.

Omwenga akafungua mlango. "Tafuta."

Kulikuwa na sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja. Kitanda kimetandikwa kikanyooka, kama cha bweni. Ukutani hakuna kitu ila shati la kazi. Bhoke aliketi kwenye stuli, hasira yote ikamwishia, akabaki na hofu.

"Sasa ulinidanganyia nini?"

Omwenga alikuwa akiwasha jiko la mafuta, hakumwangalia. "Ukiondoka jioni, hiki chumba hakikaliki. Jumatatu nakula mkate mkavu. Jumanne pia. Nikianza kuzoea, imefika Ijumaa, kesho kutwa unakuja tena. Nikasema wiki moja tu nipumzike."

"Upumzike kuniona?"

"Nipumzike kuachwa."

Bhoke alivuta stuli karibu na jiko. Kisha akasema kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu. "Mimi huacha redio inaongea tangu nitoke kibandani mpaka nilale. Hata sisikilizi. Nataka tu kuwe na sauti ya mwanaume ndani ya nyumba."

"Hata ya matangazo ya vifo?"

"Hasa hayo. Yule mtangazaji ana sauti nzuri kukushinda."

Wakacheka, yeye kwanza, kisha Omwenga, wakacheka mpaka samaki akaanza kuungua. Walikula ugali kwenye sahani ile moja, wakipokezana kikombe cha maji. Omwenga akamwachia kichwa cha samaki, akijua anavyokipenda. Baadaye wakaketi kizingitini, Bhoke kati ya magoti ya mumewe, naye akamfumua nywele, polepole, msuko baada ya msuko.

"Unaniumiza."

"Tulia, mwanamke. Hii ni kazi ya fundi."

Upepo wa ziwani ulipenya kwenye nywele zilizofumuliwa. Kwa jirani watu walikuwa wakishangilia mpira redioni. Bhoke akasinzia, akaamka, akasinzia tena, na kila alipoamka vidole vilikuwa bado kichwani mwake. Saa kumi akafunga kitambaa kichwani awahi gari, nusu ya misuko ikiwa haijaguswa.

Stendi, Bhoke akiwa ameshaketi ndani ya matatu, Omwenga alishika ukingo wa dirisha.

"Nikisema tena nina kazi, usikubali."

"Na kama ni kweli?"

"Hata kama ni kweli."

"Basi nitakuja nikungoje getini kiwandani."

Omwenga alitaka kucheka, ikashindikana. Utingo akapiga bodi, gari likasogea, naye akatembea nalo hatua chache mpaka mkono ukaachia.

Bhoke alikuwa ameapa hatageuka. Penye kona akageuka. Watu walikuwa wakitawanyika kurudi makwao, na mumewe amesimama katikati yao, mikono imening'inia, kama mtu ambaye hajaambiwa aende wapi. Jua lilikuwa bado juu. Ilikuwa bado Jumapili.