Giligilani za Mkweo

— Umemnywesha nini mama yangu?

Fundi cherehani akaachia mkasi. Upande wa pili wa simu mchumba wake, dereva wa lori, alikuwa anahema kama mtu aliyekimbizwa.

— Maji ya mbegu za giligilani, kama siku zote. Kuna nini?

— Ameanguka! Njoo hospitali ujieleze mwenyewe!

Alifika wodini futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Wifi yake akamkingia njia mlangoni.

— Mchawi wewe! Harusi bado, ushaanza kutuulia mzazi?

— Wifi, nilimchemshia kwa ajili ya tumbo, lilikuwa linamjaa gesi. Presha nilimwambia ni ya vidonge, asiviache hata siku moja!

Akamgeukia mchumba wake. Si alikuwepo siku ile, anafakamia mchuzi wenye giligilani hizo hizo mpaka akalamba sahani?

— Sema basi. Ulinisikia.

Dereva akainamisha uso, anachezea funguo za gari.

— Sikumbuki.

Neno hilo lilimchoma kuliko lile la uchawi.

— Punguzeni sauti, nesi akakemea. Presha imepanda mno. Mama, vidonge uliacha lini?

Mgonjwa akafumbua macho kwa shida.

— Sikuacha. Viliisha. Nikamwomba mwanangu aniletee vingine, akaniambia, "Kunywa giligilani za mkweo, zinatosha."

Wifi akajiziba mdomo.

— Mpenzi, kazi zilinibana, nikasahau, dereva akababaika. Halafu nikaona aibu kusema. Nisamehe.

— Kusahau ningekusamehe. Lakini dada yako ananiita mchawi, na wewe umesimama hapo unameza mate tu!

Akavua pete, akambandika kiganjani. Machozi yakamlengalenga, lakini pete hakuirudia.

Mama akanyoosha mkono, akamshika sketi.

— Na mimi unaniacha, mwanangu?

— Wewe sikuachi, mama. Kesho nakuletea supu, chumvi hakuna, giligilani tele. Na vidonge utameza nikikuona kwa macho yangu. Ila nikija, huyu asiwepo.

— Hatakuwepo, mama akajibu, akamgeuzia mwanawe mgongo.