Spana Namba Kumi

Kila siku baada ya shule, Kiherehere alipitia uwanja wa ndege kumsubiri mama yake, fundi wa helikopta, ili warudi nyumbani pamoja. Jina hilo alipewa na mama mwenyewe, na hakumwonea.

Siku hiyo helikopta ilitakiwa kupeleka chanjo za watoto ng'ambo ya mto. Daktari alikuwa ameshafunga mkanda na mapangaboi yanazunguka, mara taa nyekundu ya oili ikawaka. Rubani akazima injini.

"Haya tena!" alifoka.

Mama akapanda na vifaa vyake. Nati ya bomba la oili ilikuwa imelegea. Akaikaza kwa robo saa. Balaa lilianza alipovirudisha vifaa kwenye ubao. Kila kifaa kilikuwa kimechorewa umbo lake pale, na mahali pa spana namba kumi palikuwa patupu.

"Hairuki," mama alisema.

"Kwa spana moja tu, fundi?" daktari alilalamika. "Barafu ya chanjo inayeyuka!"

"Spana moja ikisahaulika kwenye injini, mtaanguka. Tutafute."

Wakafungua kila kifuniko, jasho likiwatiririka. Daktari alichungulia kasha lake la chanjo kila dakika, mpaka rubani akamwambia kwamba yeye ndiye anayeimaliza hiyo barafu.

Kiherehere aliukumbatia mkoba wake wa shule. Spana ilikuwa humo! Aliichukua mama alipokuwa ameinamia bomba, akakazia kiti cha baiskeli yake, kisha akapitiwa. Sasa angesemaje mbele ya watu wazima waliofura hivi? Akanyemelea, akaiweka chini ya helikopta.

"Mama, hii hapa!"

Alitarajia kushangiliwa. Mama aliitazama spana, akatazama juu, akakunja uso.

"Imeanguka kutoka huko? Imegonga nini? Tunakagua upya. Saa mbili nyingine."

"Saa mbili!" Daktari alijibwaga chini. "Watoto wako foleni tangu asubuhi, nami niwapelekee chanjo iliyoharibika?"

Kiherehere akaangua kilio. "Haikuanguka, mama. Niliichukua mimi, nikakazia kiti cha baiskeli. Nimeiweka hapo sasa hivi."

Rubani alijishika kichwa. Mama alishusha pumzi ndefu.

"Nionyeshe ulichokaza."

Kwenye nati ya baiskeli, oili ya helikopta ilikuwa bado mbichi. Mama aliigusa, akainusa, akaamini, akarudi kufunga vifuniko. Helikopta iliruka, na baadaye rubani akaarifu kwa redio kwamba barafu ilikuwa imebaki vipande viwili, na chanjo ni nzima.

Ndipo mama alipomgeukia Kiherehere.

"Ungesema mapema, ningekugombeza dakika moja, basi. Ulipoficha, ukatupotezea saa nzima. Na uongo wako ulitaka kutuongezea mbili. Hao watoto wangerudi nyumbani bila chanjo, unaelewa?"

"Naelewa, mama. Nisamehe."

"Kuanzia kesho utanihesabia vifaa kwa sauti, kabla na baada ya kazi."

"Na nikikosea kuhesabu?"

Mama alitundika spana mahali pake.

"Utaniambia hapohapo."