Madawati ya Jumamosi

“Wezi! Wote ni wezi, shemeji, na wewe unawatetea!”

Fundi aliigonga meza ya kazi kwa kiganja mpaka maranda yakaruka. Mjomba, aliyekuwa akikoroga vanishi ndani ya kopo, hakushtuka hata kidogo.

“Simtetei mtu mimi. Nasema tu usimtukane anayekupa kazi. Madawati arobaini, shemeji! Mwaka jana wakati kama huu ulikuwa unatengeneza vigoda.”

“Kazi kanipa kwa pesa ya nani? Ya mfukoni mwake? Ile ni kodi yangu! Nikinunua mbao, nalipa kodi. Nikinunua msumari, kodi. Hata kiberiti, kodi! Halafu miaka minne na nusu hatuwaoni. Uchaguzi ukikaribia ndiyo wanakumbuka kwamba watoto wana makalio.”

Chiriku alicheka kwa sauti. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na jina hilo alipewa na baba yake mwenyewe, Fundi, kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Kila siku akitoka shule alivua sare, akavaa gauni kuukuu, akaja karakanani kusaidia. Kwa wiki kadhaa sasa kazi yake ilikuwa moja: kuchanganya unga wa mbao na gundi mpaka vishikane kama udongo wa mfinyanzi, kisha kuukandika mchanganyiko huo kwenye nyufa za madawati kwa kidole gumba.

Kazi hiyo haikuwahi kuwepo zamani. Fundi alijulikana kwa viungo vyake. Kila mguu wa meza aliuchonga ncha aliyoiita ulimi, na ulimi huo ukaingia katika tundu alilolitoboa kwa patasi. Pigo moja la nyundo, basi, kiungo kimeshikana hadi mwenye meza azeeke. Lakini madawati haya yalikuwa ya haraka. Kumi yalikwisha kwenda shuleni wiki tatu zilizopita. Thelathini yalitakiwa Ijumaa jioni, kwa sababu Jumamosi asubuhi mheshimiwa aliyekuwa anagombea tena alitaka kuyakabidhi mbele ya watu. Mbao kavu zilikuwa adimu, Fundi akanunua mbichi. Ndimi zilichukua muda, akaziacha. Mguu ulisimamishwa chini ya ubao, ukapigiliwa misumari miwili, ufa ukajazwa gundi na unga wa mbao, ukapigwa msasa na vanishi. Ukilitazama kwa nje, dawati liling’aa kama bwana harusi.

“Baba,” Chiriku alisema, akilitikisa moja, “hili linacheza.”

“Lipige msumari mwingine.”

“Lakini meza yetu ya nyumbani haina hata msumari mmo…”

“Meza ya nyumbani ni yetu, mama. Hii ni mali ya umma. Nani atainama kuichungulia? Wao wanakula mamilioni, mimi kosa langu liwe misumari miwili?”

“Wao wamekula ng’ombe mzima,” Mjomba alidakia, “sisi tumenyofoa ukwato tu!”

Wakacheka wote watatu. Chiriku akachota gundi nyingine, akakandika.

*

Kesho yake, Ijumaa, kabla ya mapumziko, ulisikika mlio wa kitu kikikatika katika darasa la nne. Baada yake ukaja mlio wa mtoto.

Wanafunzi wa darasa la sita walimiminika nje, Chiriku akiwa mbele kama kawaida yake. Dawati jipya lilikuwa limelala ubavu, mguu mmoja uko mbali. Misumari miwili ilikuwa imechomoza kwenye ubao, na mmoja ulikuwa umempasua kiganja msichana mdogo waliyemwita Kidoti. Damu ilitiririka hadi kwenye kiwiko. Mwalimu wake aliufunga mkono kwa kitambaa, akambeba ili ampeleke zahanati.

“Umeona, Mwalimu Mkuu?” alisema kwa hasira akipita. “Hizi ndizo kodi zetu! Wamekula pesa, wametuletea takataka. Hata mwezi hayajamaliza!”

“Ndiyo mambo ya uchaguzi,” Mwalimu Mkuu alijibu, akitikisa kichwa. “Serikali ikiamua kukuibia, utaishtaki kwa nani?”

Wavulana wa nyuma wakaanza kuimba, “Dawati la kura, mguu wa bua! Dawati la kura, mguu wa bua!” Wengine wakapiga makofi.

Chiriku aliinama karibu na mguu ulioanguka. Mbao zilikuwa zimeanza kukauka, na zilipokauka zikasinyaa. Ile gundi iliyojazwa haikusinyaa pamoja nazo. Ilikuwa imebanduka nzima, kipande chembamba kirefu kama kidole, na juu yake palikuwa na alama ya miduara ya mistari myembamba. Aliitazama. Akaweka kidole gumba chake juu yake. Kikaenea.

“Chiriku,” rafiki yake wa karibu alimshika bega, “baba yako si fundi? Hebu tuambie, takataka hizi zimetengenezwa wapi?”

Madawati yale yalikuja kwa lori la baraza la mji, yakiwa na nembo ya baraza ubavuni. Hakuna mtu shuleni aliyejua yalitoka karakana gani, na Fundi alikuwa amemwonya binti yake kwamba mambo ya zabuni hayatangazwi.

“Sijui,” Chiriku alisema.

Rafiki yake alingoja maneno mengine. Hayakuja. Siku hiyo mwalimu wa darasa la sita alimuuliza mara mbili kama anaumwa.

*

Alasiri madawati thelathini yalikuwa yamepangwa mstari mbele ya karakana yakisubiri lori. Mjomba alikuwa akipuliza vumbi kwenye vanishi. Mama alifika moja kwa moja kutoka kazini, angali katika sare yake nyeupe. Alikuwa muuguzi katika zahanati ya baraza, mwanamke asiyejua kuzunguka mbuyu.

“Leo nimeshona kiganja cha mtoto,” alisema kabla hata ya salamu. “Nyuzi sita. Ganzi ilikuwa kidogo, kwa hiyo alilia mpaka akaishiwa sauti. Kisa ni dawati la shule.”

“Serikali hiyo, dada!” Mjomba alisema. “Ganzi hakuna, madawati mabovu, na wao wanabadilisha magari kama soksi.”

Fundi hakumtazama mkewe. “Ndiyo maana kila siku nasema,” alinong’ona. “Wezi watupu.”

Chiriku alitumbukiza mkono mfukoni, akatoa kile kipande cha gundi, akakiweka juu ya meza ya kazi.

“Baba, hiki ni kidole changu.”

Mjomba aliacha kupuliza vumbi.

“Umekitoa wapi?” Fundi aliuliza.

“Darasa la nne. Kimebanduka.”

“Umemwambia nani?”

“Sijamwambia mtu. Niliulizwa nikasema sijui.” Machozi yakamtoka. “Walimu wanasema ni serikali. Kila mtu anasema ni serikali. Na mimi nikanyamaza.”

Mama alikiokota kile kipande, akakigeuza, kisha akainama chini ya dawati la kwanza katika ule mstari. Akainama chini ya la pili. Aliposimama, uso wake ulikuwa umebadilika.

“Baba Chiriku, ndimi ziko wapi?”

“Walinikimbiza, mke wangu! Wao ndio waliosema Ijumaa! Wangenipa muda ningekausha mbao, ningechonga viungo. Unadhani sijui kazi yangu?”

“Walikukimbiza, sikatai. Wanataka kupigwa picha, na mtoto aumie shauri yake. Hilo ni kosa lao. Nyundo ilikuwa mkononi mwa nani?”

Fundi aliisogeza nyundo pembeni ya meza.

“Dada, taratibu basi,” Mjomba aliingilia. “Jambo hili halina haja ya kelele. Hakuna atakayejua. Watu wataisema serikali, na serikali imeshazoea kusemwa.”

“Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe!” Mama alimgeukia. “Mmekaa hapa mwezi mzima mnawaita watu wezi, na kumbe makelele yote hayo ni pazia. Nyuma ya pazia mnapigilia misumari miwili! Pesa hizi si ulisema ni kodi yako, Baba Chiriku? Basi umejiibia mwenyewe, na aliyelipa ni mtoto wa miaka tisa. Na huyu wako umemfundisha kusema sijui.”

Hapohapo lori la baraza liliingia likirudi nyuma, likipiga honi. Akashuka afisa wa vifaa, simu sikioni, kalamu mdomoni.

“Haya Fundi, pakia, pakia! Vijana wangu wako nyuma. Kesho saa tatu mheshimiwa anakabidhi, na redio zitakuwepo.”

Fundi aliutazama ule mstari wa madawati yanayong’aa. Chiriku alijua anachokiwaza. Kodi ya pango la karakana ilikuwa inangoja malipo ya kazi hii. Baraza likimkasirikia, mwaka ujao watarudi kwenye vigoda.

“Hayapandi,” Fundi alisema.

“Hayapandi wapi? Lori ni kubwa hili.”

“Hayaendi shuleni. Ni mabovu. Moja limemuumiza mtoto leo.”

Afisa alitoa kalamu mdomoni. “Fundi, umechanganyikiwa? Mheshimiwa atakabidhi nini kesho?”

“Akabidhi hotuba. Anazo nyingi.”

Mjomba alipaliwa na kicheko, akajifanya anakohoa.

“Unacheza na kazi ya baraza,” afisa alisema polepole. “Utaisikia redioni tu kuanzia leo. Mafundi wako wengi.”

“Wapo. Lakini mimi nakuomba wiki sita. Mbao nitanunua upya mwenyewe, nitazikausha, nitaleta arobaini yenye viungo vyake. Na ukileta mengine yoyote hapa mjini, mwambie mtu wako ainame achungulie chini kabla hujasaini. Ungeinama mara ya kwanza, ungenikamata.”

Afisa alimtazama kama anayetazama mtu mwenye homa. Akapanda lori, mlango ukabamizwa, vumbi likabaki hewani. Hakusema kama wiki sita zimekubaliwa au zimekataliwa.

“Shemeji,” Mjomba alisema kwa sauti ndogo, “umeiua kazi.”

“Labda.” Fundi alikaa kwenye gogo.

“Baba,” Chiriku alisema, “shuleni yamebaki tisa. Jumatatu darasa la nne watayakalia.”

Fundi aliinua kichwa. Kisha akasimama, akachukua nyundo na koleo, akamwambia Mjomba, “Lete mkokoteni. Twende sasa hivi, kabla Mwalimu Mkuu hajafunga.”

*

Mwalimu Mkuu alikuwa ameshika funguo mkononi alipoona mkokoteni ukiingia uwanjani, na nyuma yake muuguzi aliyevaa sare na mtoto wa shule yake mwenyewe.

“Mwalimu,” Fundi alisema, “yale madawati ya darasa la nne niliyatengeneza mimi. Nilitumia mbao mbichi na misumari, nikaficha nyufa kwa gundi. Serikali ilinikimbiza, lakini aliyeficha ni mimi. Nimekuja kuyatoa.”

Mwalimu Mkuu aliutazama mkokoteni, kisha akamtazama Chiriku.

“Na mimi nilijua, Mwalimu,” Chiriku aliongeza. “Niliulizwa nikasema sijui. Niliyejaza zile nyufa ni mimi.”

“Nami sikuwahi kuinama kuangalia,” Mwalimu Mkuu alisema mwishowe. “Nilitia saini kuyapokea nikiwa nimesimama. Watoto watakaa chini wiki kadhaa, lakini chini hakuna msumari.” Akafungua darasa.

Waliyatoa yote tisa. Fundi aliyavunjavunja palepale uwanjani, Mjomba akapakia mbao, Chiriku akaokota misumari mmoja mmoja kutoka kwenye nyasi ili asiumie mtu mwingine. Mama aliinama akaokota pamoja naye.

“Kwa hiyo, mama, tusiwaseme tena viongozi?” Chiriku aliuliza.

“Nani kasema? Mimi nafanya kazi bila ganzi, halafu ninyamaze?” Mama alitupa msumari kwenye kopo. “Uwaulize, uwabane, na wasipojibu uwanyime kura. Lakini sikiliza, Chiriku. Anayedai haki aanze kwa kutenda haki pale mkono wake unapofika. Afisa ana kalamu, baba yako ana nyundo, mimi nina sindano, wewe una mdomo. Kila mtu akiharibu kwa zamu yake halafu akasema ni wale, nchi haiwezi kusimama. Na mali ya umma ina mwenyewe. Leo mwenyewe amelia mikononi mwangu.”

Fundi aliyasikia yote. Alijifuta jasho kwa mkono wa shati.

“Mwalimu,” aliita, “Kidoti anakaa wapi?”

“Nyumba ya tatu nyuma ya soko. Lakini Fundi, baba yake ni mkali. Ungesubiri kesho hasira zimpoe.”

“Nikisubiri kesho nitapata sababu ya kutokwenda.”

Alimwachia Mjomba mkokoteni. Akaenda kwa miguu, Mama upande mmoja, Chiriku upande wa pili. Mbele ya nyumba ya tatu walisikia mtoto akilia ndani na sauti ya mwanamume ikilaani baraza, diwani na serikali nzima, mmoja baada ya mwingine.

Fundi alipiga hodi. Laana zikakatika, mlango ukafunguka, akatokea mwanamume mpana mwenye macho mekundu.

“Wale si wa kulaumiwa peke yao, ndugu yangu,” Fundi alisema. “Fundi wa lile dawati ni mimi.”