Gari Limefungwa, Meno Yamo Ndani

Alikuwa amekwisha kubonyeza rimoti mara ishirini na ushee, kidole gumba kimeanza kuuma, na gari limemkalia kimya kama halimjui. Maegesho ya jengo la maduka yalikuwa yamefurika. Watu walimpita na matoroli yao huku jasho likiilowesha kola ya blauzi ya kijani aliyoivaa kwa ajili ya harusi.

Aliingia dukani dakika tano tu kununua karatasi ya kufungia zawadi. Sasa alichungulia kiooni akaliona boksi jeupe kwenye kiti cha nyuma. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia, na ndani ya boksi lile mlikuwa na seti nzima, juu na chini, ya mwalimu mstaafu ambaye saa tisa kamili angesimama mbele ya wageni mia tatu kumwozesha binti yake wa pekee. Saa yake ilionyesha nane na robo.

Simu ikaita.

"Binti yangu," ilisema sauti ya mzee, maneno yakimteleza kwenye fizi, "uko wapi? Nimefumba mdomo tangu asubuhi. Wakwe wanadhani nimenuna."

"Niko njiani, mwalimu."

Alikata simu. Mlinzi wa maegesho akamsogelea. "Usihangaike, dada. Hapo ghorofani kuna fundi wa rimoti, kahamia mwezi huu. Nimeshampigia, anashuka."

Kabla hajashukuru, alimwona huyo fundi kwenye ngazi: shati la bluu lililokunjwa mikono, bisibisi ndogo imechomekwa nyuma ya sikio. Alikuwa Waya. Ndivyo watu wote walivyomwita, na ndivyo yeye alivyomwita kwa mwaka mmoja na nusu wa mapenzi, mpaka ile Jumapili Waya alipotakiwa kuja na ami zake kumposa. Yeye alikaa na shangazi yake wakingoja mpaka jua likazama, nguo mpya imejikunja mapajani. Waya hakuja, simu yake haikupatikana. Kesho yake akaifungia namba ya Waya, na tangu hapo ilikuwa imepita miezi minne.

"Ni wewe," Waya alisema.

"Ni mimi. Nifungulie gari tafadhali, mengine yaache."

Waya akaipokea rimoti. "Imeanza lini?"

"Sasa hivi. Nilipofunga ilifunga. Nimerudi, imekufa."

"Haijaanguka?"

"Imeanguka mlangoni pa duka, nikitoa pochi."

Waya aliifungua kwa ukucha, akatia betri mpya, akabonyeza. Taa haikuwaka. Aliinua ile rimoti kwenye mwanga, akakunja uso. "Kile kichuma kinachogusana na betri kimekatika. Kukichomelea ni nusu saa."

"Sina nusu saa!" Sauti ilimpasuka hata watu wakageuka. "Nina mzee hana meno, Waya!"

Mlinzi alikohoa, akatazama pembeni.

"Tulia, mpenzi—" Waya akajikatiza. Wote wawili walilisikia lile neno, na hakuna aliyeligusa.

Waya alivuta ubavu wa rimoti, ukachomoka ufunguo mwembamba wa chuma.

"Huo ulikuwa humo siku zote?"

"Siku zote." Waya alibandua kifuniko cha plastiki kwenye kitasa, tundu likaonekana. "Litapiga kelele. Usishtuke."

Alizungusha. Mlango ukafunguka, king'ora kikalia kama gari limeibwa, maegesho yote yakawatumbulia macho. "Ingia! Kanyaga breki! Igusishe rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, ibane hapo hapo! Hata bila betri gari litaitambua ikiwa karibu!"

Akaingia, akakanyaga breki, akabonyeza. Kelele zikakatika, injini ikanguruma.

Alishika usukani, hakuondoka. "Likizimika njiani?"

"Fanya hivyo hivyo."

"Na nikisahau?"

Waya alimtazama, kisha akazunguka akaingia upande wa pili.

Foleni ikawakamata kwenye taa za kwanza, na saa ilishakuwa nane na dakika thelathini na tano. Macho yake yakiwa mbele, alisema, "Ungeniambia tu hunitaki. Hukuja, Waya."

"Nilikuja."

Aligeuka.

"Niliwaacha ami zangu kwenye gari, nikatangulia kupiga hodi. Nikamsikia shangazi yako: 'Fundi wa rimoti! Atamlisha nini, betri?' Nawe ukacheka. Nikarudi. Nikawadanganya wazee kwamba imeahirishwa, nikazima simu. Niliona haya."

Gari la nyuma lilipiga honi. Taa zilikuwa zimewaka kijani.

"Ukacheka," alirudia taratibu akiondoa gari. "Ndiyo, nilicheka. Halafu nikamwambia, 'Shangazi, mimi nachonga meno ya watu. Nani amcheke mwenzake?' Ungesubiri pumzi moja tu, Waya. Moja!" Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mgongo wa mkono, asikose njia. "Miezi minne nimejiuliza nina kasoro gani."

"Huna kasoro. Mwoga nilikuwa mimi. Nisamehe, mchonga meno wangu."

Akakanyaga mafuta. Walifika zikiwa zimebaki dakika nane. Mwalimu alikuwa nyuma ya ukumbi, suti nyeusi, leso mdomoni. Akalipokea boksi, akageukia ukuta, akayapachika meno, akauma, akauma tena.

"Shukrani zangu kwenu ni nyingi sana," alisema, kila herufi mahali pake. Akacheka kwa meno yote, akawaacha.

Walibaki wawili kando ya gari. Mchonga meno alitoa simu, akampigia shangazi yake, akaiweka kwenye spika.

"Shangazi, Jumapili kutakuwa na wageni."

"Wageni gani tena?"

"Wale wale. Siku ile alifika mpaka mlangoni. Alikusikia."

Waya akaisogelea simu.

"Yuko hapo?" shangazi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nipo, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba, baba." Akajikohoza. "Safari hii piga hodi kwa nguvu. Nami nitakufungulia mwenyewe."