Betri Iliyovimba

Kila siku baada ya masomo, Waya alipitia karakana ya shangazi yake, fundi wa simu na redio. Jina hilo alipewa na wanafunzi wenzake kwa sababu mifuko ya sare yake haikukosa vipande vya nyaya. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kwa miezi miwili alikuwa akiunda kifaa cha mkononi cha kuonyesha njia. Ndani ya kisanduku cha sabuni aliunganisha kipokezi cha mawimbi ya setilaiti, kioo kidogo na vitufe viwili. Ukikiwasha, mshale ulikuelekeza unakokwenda na kukuambia umebakiza mita ngapi.

Kasoro ilikuwa betri. Iliisha chaji upesi, na sasa ilibaki siku moja tu kabla ya maonyesho ya shule. Shangazi alizoea kutupa betri mbovu katika ndoo ya mchanga, na alishamwonya mara nyingi kwamba betri iliyovimba haiguswi. Alasiri hiyo shangazi alitoka kumpelekea mteja redio yake. Waya akatia mkono ndooni.

Alikuwa akiipangusa betri iliyovimba aliyoiokota, Kidevu alipoingia. Huyu alisoma naye darasa moja, na kazi yake ilikuwa kumcheka. Akasema hajawahi kuona sabuni inayojua njia, akakinyakua kifaa. Wakavutana. Kidevu alimsukuma Waya hadi akagonga ukuta kwa kisogo, Waya akamng'ata kidole. Kidevu akakiachia, akaenda zake akitukana.

Kwa hasira, Waya aliishindilia betri ndani ya kisanduku na kukaza skrubu. Skrubu ikaitoboa. Kwanza ulisikika mlio kama wa nyoka, kisha moto ukaruka. Ulimbabua kiganja, ukala pazia na meza ya kazi kabla majirani hawajaumwagia mchanga.

Kaka yake, mchomeleaji vyuma wa ng'ambo ya barabara, alifika akitweta. Alipouona mkono wa mdogo wake, akauliza ni nani aliyefanya hivi.

Waya aliitupia jicho ile ndoo. "Kidevu," akasema. "Amekipiga nyundo kifaa changu, kikalipuka."

Kaka hakungoja la pili. Alimkuta Kidevu bombani akimchotea mama yake maji. Waya alipofika mbio nyuma yake, ngumi ya kwanza ilikuwa inatua. Jino liling'oka. Kidevu alianguka, akapigwa teke la mbavu, likafuata jingine, huku akilia kwamba hajui kosa lake. Neno moja la Waya lingetosha, lakini alisimama tu akitazama. Kaka akaukamata mkono wa kijana, akaukunja mgongoni. Mfupa ukaalika, ukavunjika.

"Mwache, kaka!" Waya alipiga kelele. "Nimesema uongo. Ni mimi niliyeweka betri mbovu."

Kaka alisimama, akaitazama mikono yake yenye damu, akakaa chini kwenye tope. Mama yake Kidevu alikuja mbio na fimbo, akamchapa kichwani hadi damu ikamtiririka usoni. Hakujikinga.

Siku hiyo hiyo kaka alijipeleka polisi, akawekwa ndani. Shangazi alimpeleka Waya, bandeji mkononi, nyumbani kwa kina Kidevu, naye Waya akarudia maneno yake yote mbele ya mama mtu. Kesho yake akayarudia mbele ya darasa. Maonyesho yakapita bila yeye.

Mkono wa Kidevu ulikaa kwenye plasta wiki sita, na kila siku Waya alimwandikia masomo yake. Wiki mbili za mwanzo Kidevu hakumsemesha. Ya tatu akamuuliza, bila kumtazama, kile kifaa kilijuaje njia. Waya akamchorea.

Plasta ilipotolewa, shangazi aliwaruhusu wote wawili kuanza kuunda kingine, kwa betri nzima, macho yake yakiwa juu yao. Akamwambia Waya, "Kuharibu kitu si mwisho wa dunia, mwanangu. Hata mimi nimeshaunguza redio za watu. Ungesema ukweli, ningekufokea, tukanunua pazia jingine, yakaisha. Badala yake ulimtwika mwenzako kosa lako, akalilipa kwa mwili wake. Ukikosea, sema ni wewe. Na useme mapema, kabla mtu hajaumia."