Koti Lisilopigwa Pasi

Simu ya jikoni ya ikulu ililia mara moja, ikakatika. Ikalia tena.

Dobi aliiwahi kabla mpishi hajageuka.

"Kikulacho?" sauti ikauliza.

"Ki nguoni mwangu."

"Orodha imo humo ndani. Karatasi nne. Watu arobaini, kila mmoja na dole gumba lake. Ndege inaruka saa tisa."

"Humo ndani wapi?"

"Ningejua, ningekuja mwenyewe." Kicheko kidogo, kikavu. "Niletee dukani. Ukichelewa, kesho bendera yetu itapanda na kiongozi wetu ataanguka."

Ikakatwa.

Huyo alikuwa Fundi Saa. Duniani kote, ni yeye peke yake aliyejua kwamba mama huyu mnyamavu, aliyewafulia watawala wa kigeni miaka kumi na mmoja, alikuwa jasusi wa wananchi. Wengine walimpa jina jingine.

Kibaraka.

Hata bintiye wa kumzaa alimwita hivyo, akafunga mlango. Mwaka wa sita huu.

Ndiyo kazi yenyewe. Ukilala na chui kila siku, nani ataamini ulikuwa unamhesabu madoa?

Saa sita mchana. Uani, makarani walikuwa wakichoma mafaili kwenye mapipa. Dola ilikuwa inaondoka, na haikutaka kuacha nyayo. Ilitaka kuacha watu tu. Watu arobaini ndani ya serikali mpya, wanaosubiri kuvutwa kamba kutoka ng'ambo.

Mlango wa chumba cha pasi ukafunguliwa. Akaingia mkuu wa upelelezi. Watumishi walimwita Bwana Mikunjo, kwa sababu shati likiwa na mkunjo mwembamba kama unywele wa kichanga, linarudi.

"Suruali. Shati. Soksi pia," akasema. "Nataka zisimame zenyewe. Kuna wapiga picha uwanja wa ndege."

"Na koti, bwana?"

"Koti usiguse."

"Ndiyo, bwana."

Dobi aliinamisha kichwa.

Miaka kumi na mmoja mtu huyu hajavaa hata leso isiyopigwa pasi. Leo anapigwa picha, halafu koti lisiguswe?

Karatasi hulia chini ya pasi. Kila dobi anajua. Naye Bwana Mikunjo alijua kwamba dobi anajua.

Saa sita na robo akaingia kuoga. Koti lilitundikwa nje ya mlango wa bafu, jeupe, vifungo vya shaba. Bwana Mikunjo alikuwa na desturi moja: akioga huimba wimbo wa mfalme wake. Beti tatu. Dakika saba, si zaidi.

Ubeti wa kwanza.

Dobi akapitisha vidole kwenye bitana. Kwapa la kushoto likalia. Kraa.

Akatoa wembe wa Gillette chini ya ulimi. Mshono ukafunguka kama ganda la njegere. Karatasi nne, nyembamba kama za sigara.

Ubeti wa pili.

Akaingiza karatasi nne za pakiti ya wanga, zimekunjwa vilevile. Sindano. Uzi mweupe. Mshono juu ya mshono.

Wimbo ukakatika.

"Nani hapo?"

"Mimi Dobi, bwana."

"Nilisema koti usiguse!"

Maji yalikuwa yakidondoka. Sindano ilikuwa bado ndani ya kitambaa.

"Kifungo kimoja kimelegea, bwana. Kikianguka mbele ya wapiga picha, nitalaumiwa mimi."

"Basi kaza. Haraka."

"Ndiyo, bwana."

Wimbo ukaendelea. Ubeti wa tatu ulimkuta Dobi chumbani kwake, mlango umefungwa kwa ndani.

Akasoma.

Namba kumi na nane: kamanda wa gwaride la kesho. Ndiye atakayesimama nyuma ya kiongozi mpya, bunduki ina risasi za kweli.

Juu yake, namba kumi na saba: dobi wa ikulu.

Na dole gumba lake.

Alilikumbuka. Fundi Saa ndiye aliyemwambia akubali kuwa mpasha habari wa watawala, ili wamwamini. "Usihofu, dada yangu. Siku ikifika nitasimama nikutetee."

Akazitia karatasi kifuani, akaenda jikoni, akapiga simu dukani. Ikapokewa na mke wa Fundi.

"Fundi yupo, shemeji?"

"Hayupo tena, mwenzangu." Sauti ilikuwa imechoka kulia. "Wamekuja na Land Rover. Walipomshika mkono tu, moyo ukasimama. Kaangukia meza ya saa zake."

"Hakusema neno?"

"Hata jina langu hakulitaja. Una saa yako hapa? Uje uichukue."

"Hapana, mama. Saa yangu haina haraka."

Akaweka simu chini. Akarudi chumbani, akakaa kitako kitandani, mikono mapajani, kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni.

Kisha akachukua wembe. Akauweka juu ya mstari wa kumi na saba. Kata hapa, na hakuna atakayejua. Bintiye hatajua.

Lakini karatasi iliyokatwa ni shahidi mwenye pengo. Kamanda angesema ni ya kughushi. Nani angembishia?

Akaurudisha wembe.

Pasi yake ilikuwa ya mkaa, ya zamani, yenye jogoo wa shaba kwenye komeo. Fundi Saa alikuwa ameutoboa mpini wake ukawa mtupu kama mwanzi. Karatasi nne zikaviringishwa, zikaingia. Akatia makaa mekundu. Akatoka.

Langoni, redio ya koplo ilikuwa inakwaruza.

"Lango, Lango. Karatasi isitoke. Kagua mpaka viatu. Umenipata?"

"Nimekupata."

Koplo akamkagua. Kanga, viatu, hata nywele. Bastola ya Webley ikining'inia kiunoni mwake.

"Hiyo pasi unaipeleka wapi, mama Kibaraka? Unawanyooshea wenzako kabla hawajakunyoosha?"

"Fungua uone."

Koplo akaushika mpini, akauinua pamoja na kifuniko. Makaa yakampulizia joto usoni. Akaruka nyuma. Siri yote ya dola ilikuwa kwenye kiganja chake.

"Toa moto wako hapa!"

"Asante, mwanangu."

Ofisi ya chama cha wananchi ilikuwa ghorofani. Duka la Fundi likiwa limefungwa, mlango uliobaki ulikuwa huo tu. Ndani walikuwamo Katibu na mpiga chapa wake, msichana mwenye mabega kama ya Dobi mwenyewe.

Msichana hakuinua macho. "Hapa hatufui nguo."

"Sikuja kufua."

Dobi akafungua mpini. Katibu akasoma, uso ukabadilika rangi. Akanyakua simu.

"Mkamateni kamanda wa gwaride. Sasa hivi! Ndiyo, sahihi ninayo hapa, na dole gumba!" Akageuka. "Mama, wewe ni nani?"

"Ukurasa wa pili. Namba kumi na saba ni mimi."

Mashine ya chapa ikanyamaza.

"Uliwekwa, au ulijiuza?" Katibu akauliza.

"Aliyejua amekufa leo saa sita."

Katibu akausoma tena mstari huo. Akamkabidhi msichana karatasi. "Nakala tano. Usiruke jina."

Dobi akatoka. Ngazini akasimama, mkono ukutani.

Mashine ikaanza. Kila mstari ulipoisha, kengele yake ndogo ililia. Dobi akahesabu. Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na sita.

Kimya.

Kwa mbali, ndege ilinguruma ikipaa, imebeba koti jeupe na karatasi za wanga.

Kiti kikasogezwa. Nyayo zikaja mpaka mlangoni, zikasimama upande wa pili. Mama na mwana, ubao mmoja kati yao. Hakuna aliyegusa kitasa.

Nyayo zikarudi.

Kengele. Kumi na saba.

Kengele. Kumi na nane.

"Safi," Dobi akanong'ona. "Hajaruka."

Akamwaga makaa mferejini. Yakalia, yakazima. Akaitia pasi kwapani, akashuka mtaani taratibu, katikati ya watu waliokuwa wakifunga bendera mpya madirishani.

Bendera zote zilikuwa na mikunjo.