Mlango wa Ghala la Bibi Hatsue

Alinisimulia rafiki yangu Lusajo mwaka 2009, aliporudi kutoka Japani. Likizo ya kiangazi aliishi kijijini kwa mjane, Bibi Hatsue. Siku ya kuwapokea wafu wa nyumba, ambao huko huaminika kurudi kwao kila mwaka, bibi alimtuma ghalani kuleta taa ya kuwaongoza. Mlango ukajifunga nyuma yake, akabaki gizani, joto likimkaba.

"Bibi, nifungulie!"

"Sukuma, kijana! Wali wangu wote ule unakwenda wapi?"

Akasukuma, wapi! Nyuma yake mbao za sakafu zikalia, hatua kwa hatua. Kando ya viganja vyake akahisi vingine viwili, baridi, vikisukuma pia. Mlango ukafunguka.

Bibi alitazama nyuma ya Lusajo, akainama. "Umewahi mwaka huu, baba watoto. Taa hata sijaiwasha."

Bibi naye ameshamfuata mumewe; kati ya hao watatu, aliye hai leo ni Lusajo peke yake.